Amana, Ghala na Neno la Siri: Kuchungiana Mali katika Ufuo wa Uvira tangu 1858

Katika Kiswahili cha Uvira, anayemkabidhi mwenzake fedha kwa muda humwambia, "Unichungie." Kwa msemaji wa Unguja au Dar es Salaam kitenzi kuchunga huleta kwanza picha ya mbuzi na ng'ombe, katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kinatumika pia, na kwa wingi, kwa maana ya kulinda na kuweka. Huchungwa fedha, ufunguo, nyumba ya aliyesafiri, hata habari ambayo haifai kufika sokoni. Nomino inayokwenda na kitenzi hicho katika Kiswahili cha vitabuni ni amana, neno lenye shina moja la Kiarabu na amini, imani na uaminifu. Lugha yenyewe, basi, haikitenganishi mbali kitu kilichowekwa na tabia ya aliyewekewa.

Makala haya yanafuatilia jambo moja katika historia ya amana ya ufuo huo, nalo ni tofauti kati ya mtunzaji ambaye kazi yake ni kutunza na yule atunzaye kwa hisani huku akiwa na shughuli zake nyingine. Tofauti hiyo waliijua wafanyabiashara wa misafara. Iliwatesa watu wa Zaire. Na leo imerudi katika suala ambalo kwa mtazamo wa haraka halina uhusiano na misafara hata kidogo, yaani kuyahamisha maneno ya siri yaliyohifadhiwa na kivinjari cha kompyuta au simu na kuyaweka katika programu iliyoundwa kwa kazi hiyo tu.

Katika fikihi ya Kishafii, iliyofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na wa bandari za ziwa, aliyepokea amana hadaiwi kwa kila ajali. Ikiungua pamoja na nyumba yake bila uzembe wake, halipi. Lakini akiitumia kwa faida yake, au akiichanganya na mali yake hata isiweze kupambanuliwa, hapo dhamana humwangukia. Kanuni hiyo yafaa ikumbukwe katika yote yanayofuata, kwa sababu inaonyesha kwamba wanazuoni hawakungoja wizi utokee ndipo wamlaumu mtunzaji. Kuchanganya peke yake kulitosha.

Ghala la Kaze na shehena ya Ujiji

Richard Burton na John Speke walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuta kituo cha mwisho upande wa kaskazini ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wamekubaliwa kufika. Pembe za ndovu zilinunuliwa hapo, na watu pia. Yeyote aandikaye juu ya uaminifu wa biashara ile hana budi kukiri kwamba sehemu ya "mali" iliyohifadhiwa katika maghala yake ilikuwa binadamu.

Mfanyabiashara hakuweza kufika Uvira na kila alichokuwa nacho. Aliacha mafungu nyuma yake, Unguja, Kaze (Tabora ya leo) na Ujiji, na usalama wake ziwani ulitegemea watu waliobaki na mafungu hayo. Huko Kaze Burton alimkuta Snay bin Amir, mtu aliyeanza maisha kwa kupika vitu vitamu Maskati, akatajirika kwa biashara ya pembe na watumwa, kisha afya yake ilipomzuia kusafiri akawa wakala. Alikuwa na maghala yake, na bohari za nguo na ushanga. Jambo la kuzingatia ni kwamba Snay alikuwa ametulia mahali pamoja. Wasafiri walimjia na kumwachia vitu kwa sababu kuachiwa vitu ndiko kulikokuwa kazi yake, na jina lake katika njia nzima ya kati lilisimama au kuanguka kwa kazi hiyo.

Mfano wa kinyume ulitokea miaka kumi na mitatu baadaye, ng'ambo ya ziwa mkabala na milima ya Kongo. David Livingstone aliondoka Ujiji mwaka 1869 kwenda Manyema, akiwa ameagiza vitu kutoka Unguja vije vimngoje hapo. Aliporudi tarehe 23 Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta havipo. Kiongozi wa msafara aliyekabidhiwa shehena hiyo, Sherif, alikuwa ameiuza yote kwa kununua pembe na watumwa kwa faida yake. Kwa maandishi ya Livingstone mwenyewe, katika yadi 3,000 za nguo haikubaki hata yadi moja, na katika ratili 700 za ushanga haukubaki hata uzi mmoja. Sherif alieleza kwamba alipiga ramli kwa Kurani, ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekufa. Kisha akaja kumpa mkono Livingstone, naye alipokataa, Sherif ndiye aliyenuna.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, kwa kawaida kama utangulizi wa kufika kwa Stanley siku chache baadaye. Husahaulika kwamba Livingstone hakuwa mikono mitupu kabisa. Kabla ya kwenda Manyema alikuwa ameweka kando vitu vichache vya kubadilishana kwa Mohamad bin Saleh, Mwarabu mkazi wa Ujiji, kwa ajili ya siku ya dhiki. Hivyo vilikuwapo. Amana mbili za mtu mmoja, katika mji mmoja: kubwa ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kusafirisha na ambaye alikuwa na biashara yake pembeni, ndogo iliwekwa tu, haikuchanganywa na kitu. Ile kubwa iliangamia. Ikumbukwe pia kwamba iliangamia ikiwa katika hali ya kuhamishwa: ilikwisha kutoka katika ghala la Unguja, bado haijafika mikononi mwa mwenyewe. Mwezi Novemba mwaka huohuo Livingstone na Stanley walipopiga makasia hadi ncha ya kaskazini na kuhakikisha kuwa mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, safari yao iliendeshwa kwa mali ya Stanley.

Siku chache za Desemba

Karne iliyofuata ilileta mabenki, na mabenki yalipaswa kuwa Snay bin Amir aliyeandikishwa na serikali. Huko Zaire hayakuwa hivyo kwa muda mrefu. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si fedha halali tena, mipaka ikafungwa, na watu wakapewa siku chache kuzibadilisha. Aliyekuwa karibu na benki alipanga foleni. Aliyekuwa na akiba yake ndani ya mtungi katika kijiji cha milimani juu ya Uvira alikuwa na mwendo wa kutembea kabla ya foleni. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na Juni 1998 faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Kwa hiyo watu wa ufuo walijifunza kuweka thamani mahali pengine: katika ng'ombe, katika faranga za Burundi, ambayo haiko mbali na soko lao, katika vikundi vya kuchangizana, kwa muuza duka anayeaminika. Kila njia ilikuwa na mlinzi wake na hatari yake, na kila mabadiliko ya fedha yalithibitisha yale ya 1871, kwamba anayeumia zaidi ni yule ambaye mali yake imekutwa njiani.

Kutoka fedha hadi neno

Mwaka 2012 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Kongo, na mitandao mingine ikawa na huduma za namna hiyohiyo. Mara nyingi huelezwa kwamba simu iliwapa watu wasio na benki mahali pa kuweka fedha. Ni kweli, lakini kwa historia ya amana jambo kubwa zaidi lilikuwa jingine. Wakala wa kibandani hupokea noti, ila ufunguo wa fedha, yaani namba ya siri, hubaki na mwenyewe. Amana ikagawanyika: mmoja ana mali, mwingine ana neno linaloifungua. Ndiyo maana wakala anayemwomba mzee namba yake ya siri "ili amsaidie" anavuka mpaka ambao muuza duka wa zamani hakuwa nao.

Baada ya simu zilikuja akaunti za barua pepe, za mitandao ya jamii, za vyuo, za mashirika ya misaada na za kupokea fedha kutoka kwa ndugu walio Ulaya na Marekani, kila moja ikidai neno lake. Kiswahili sanifu kina maneno neno la siri, nenosiri na nywila. Uvira husikika zaidi Kifaransa. Hakuna lililochukua amana ndani yake, ingawa kitu kinachotajwa ni amana hasa.

Historia ya neno la siri katika kompyuta ilianza na kushindwa. Mfumo wa kwanza mashuhuri uliolitumia ulikuwa CTSS, ulioongozwa na Fernando Corbató katika chuo cha MIT, Marekani, tangu 1961. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, ambaye mgao wake wa saa 4 za kompyuta kwa wiki haukumtosha, aliuomba mfumo uchapishe faili la maneno yote ya siri, nao ukachapisha. Alikwenda asubuhi ya Jumamosi akalichukua. Watunzaji walikuwa wameyaweka maneno pamoja na mafaili mengine yote, na faili ni faili. Dawa iliyoandikwa na Robert Morris na Ken Thompson mwaka 1979 ilikuwa kwamba mfumo usilihifadhi neno lenyewe bali alama yake iliyopitishwa katika hesabu isiyorudi nyuma. Lakini dawa hiyo yamfaa mlinzi wa mlango, ambaye kazi yake ni kulinganisha tu. Haimfai anayekutunzia neno ili akurudishie kama lilivyo, na huyo ndiye tunayemzungumzia.

Kivinjari kilianza kazi hiyo kwa hisani. Internet Explorer 5 ya mwaka 1999 ilijitolea kukumbuka jina na neno la siri la mtumiaji ili asichoke kuandika, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Kazi hasa ya kivinjari ni kwenda kila mahali: kufungua kurasa za watu wasiojulikana, kuendesha programu zao ndogo, kupokea mafaili. Kwa lugha ya misafara, ni kiongozi wa msafara, wala si mwenye ghala. Mwaka 2013 mtengenezaji mmoja wa tovuti, Elliott Kember, alilalamika hadharani kwamba yeyote anayeketi mbele ya kompyuta iliyo wazi aliweza kuyasoma maneno yote katika Chrome kwa kubofya mara chache. Jibu la upande wa Google lilikuwa kwamba mtu akishaingia katika kompyuta yako umeshashindwa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimfai mwanafunzi anayeazima kompyuta ya ofisi au mama ambaye simu yake hutumiwa na watoto watano. Tangu hapo vivinjari vimeboreshwa. Hata hivyo kwa muda mrefu, hasa katika Windows, kufuli la maneno lilifunguka pamoja na mlango wa kompyuta yenyewe, na virusi vya wizi kama vile RedLine vilitengenezwa mahsusi kuchota hifadhi hiyo.

Haifai kumwonea msafiri huyu. Aliyeacha kutumia neno moja kila mahali kwa sababu kivinjari kilimkumbukia amefaidika. Tena kivinjari hutazama anwani kabla ya kujaza neno, na kwa hiyo hakidanganywi kwa urahisi na ukurasa bandia unaofanana na wa benki, wakati jicho la binadamu hudanganywa kila siku. Hoja ni ileile ya fikihi: amana imechanganywa na shughuli nyingine.

Mwenye ghala alikuwapo tangu zamani. Bruce Schneier alitoa Password Safe mwaka 1997, na Dominik Reichl akatoa KeePass mwaka 2003. Baadaye zikaja 1Password, LastPass na Bitwarden. Zote husimama juu ya wazo moja. Maneno yote hufungwa kwa fumbo ndani ya hifadhi moja, na hifadhi hufunguliwa kwa neno kuu ambalo mwenyewe tu analijua, na ambalo hupitishwa katika hesabu ndefu ili anayebahatisha apoteze muda mwingi kwa kila jaribio. Kompyuta yaweza kuwa wazi huku ghala limefungwa. Si kwamba wenye maghala hawaibiwi. Mwaka 2022 LastPass iliibiwa nakala za hifadhi za wateja wake, na ndani yake anwani za tovuti hazikuwa zimefungwa. Waliokuwa na neno kuu jepesi walibaki na ghala lililo mikononi mwa mwizi na kufuli la kamba.

Njiani

Sehemu ya hatari, kama ilivyokuwa kwa zile yadi 3,000, ni ya katikati. Ili maneno yatoke katika kivinjari na kuingia katika programu mpya, kivinjari huyaandika yote katika faili moja la maandishi ya wazi: anwani, jina, neno, mstari kwa mstari. Firefox iliruhusu jambo hilo mwaka 2020, Chrome mapema zaidi. Kwa muda faili hilo lipo, kila alichofungwa nacho mtu kimelala mezani bila kifuniko. Faili hutua katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Pengine kompyuta hulinakili kwenda katika hifadhi ya mtandaoni bila kuulizwa. Na katika mji ambako kazi nyingi hufanyika kwenye kompyuta za kukodi na flashi zinazopita mkono kwa mkono, laweza kusahaulika kwenye flashi ambayo kesho itachapishiwa barua ya jirani.

Kazi hiyo basi hufanywa katika kompyuta ya mwenyewe, kwa kikao kimoja kisichokatizwa. Umeme wa Uvira si mshirika wa kutegemewa katika jambo hili. Betri iwe imejaa. Programu mpya ikishalimeza faili, maneno mawili matatu yajaribiwe kwa kuingia kweli katika akaunti, kisha faili lifutwe, na debe la taka la kompyuta limwagwe. Hata hapo kufuta si kuteketeza, kwani mtaalamu aweza kuokota mabaki. Kwa hiyo maneno mazito hubadilishwa baada ya kuhama, kwanza la barua pepe, maana kupitia barua pepe akaunti nyingine zote huweza kufunguliwa upya.

Hatua inayosahaulika kuliko zote huja baadaye. Watu huhamia ghala jipya na kuyaacha maneno katika kivinjari, tena si katika kimoja tu, kwa kuwa kivinjari cha simu na cha kompyuta hupelekeana nakala. Hapo hakuna kilichohamishwa. Kilichofanyika ni kuongeza mtunzaji wa pili juu ya yule wa kwanza. Maneno yafutwe katika kivinjari, na kivinjari kizuiwe kisijitolee tena kuyakumbuka. Mwezi Oktoba 2024 muungano wa FIDO ulitoa rasimu za utaratibu wa kupelekeana maneno haya kati ya programu na programu yakiwa yamefungwa, bila faili la wazi. Ni kama kusema kwamba tangu 1871 njia ya Unguja hadi Ujiji imeanza kupata mlinzi. Programu nyingi zinazotumiwa, hata hivyo, bado hupitia faili la wazi.

Je, ghala la namna gani lafaa ufuo huu? Kongo ilikatiwa intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa siku nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba mjini Uvira. Februari 2025 Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilihamia Uvira. Desemba ya mwaka huo M23 wakaingia Uvira nayo, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Katika safari kama hiyo simu hupotea, huibwa, au huuzwa ili kupata chakula. Mtu ambaye maneno yake yote yalikuwa katika kivinjari cha simu hiyo, naye hakumbuki hata neno la barua pepe, amepoteza pamoja na simu njia ya kuwafikia wale ambao wangemtumia fedha.

Programu inayohifadhi kila kitu kwa kampuni ya mbali humwezesha kuingia kwa simu yoyote atakayoipata, mradi mtandao upo na neno kuu limo kichwani. Programu kama KeePass, ambayo ghala lake ni faili moja tu, hufunguka pasipo mtandao, na faili hilo kwa kuwa limefungwa laweza kunakiliwa kwa ndugu wa Bujumbura, wa Kalemie na wa Kigoma bila yeyote kati yao kuweza kulisoma. Kwa hali ya Uvira ya pili yaelekea kufaa zaidi, ingawa humdai mwenyewe kazi ya kuzihuisha nakala, kazi ambayo watu wengi huiahirisha.

Linabaki neno kuu. Kampuni nyingi za namna hii haziwezi kulirejesha likisahauliwa, kwa sababu hazikupewa. Baadhi, kama Bitwarden, humruhusu mteja kumtaja mtu atakayeweza kuomba kufungua ghala, na mwenyewe asipokataa kwa siku alizoziweka, hufunguliwa. Katika fikihi amana ya marehemu hurudishwa kwa warithi wake, na mtunzaji hana haki ya kukaa nayo. Kwa fedha za simu warithi huenda ofisini kwa kampuni na karatasi za kifo. Kwa ghala la maneno hakuna ofisi, ipo bahasha tu, ikiwa marehemu aliiandika, na mtu ambaye siku moja aliambiwa, "Unichungie."